Sehemu ya Msafiri katika 347347

Harufu ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa juani, ndiyo Igalula yangu. Hiyo pamoja na vumbi la treni ya mizigo. Nyumbani tulikuwa saba, tukila kwenye sinia moja. Bibi aligawa mwenyewe, sawa kwa sawa, na vilivyobaki havikuguswa: vilikuwa vya msafiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, akitukumbusha kuwa njia ya misafara ilipita huku na kwamba babu zetu walibeba mizigo hadi pwani wakilishwa na watu wasiowajua. Mimi niliuliza kwa nini asiyekuwepo apewe chakula. Niliuliza kila kitu.

Kiangazi kile kaka yangu Mihayo alikuwa anakwenda kusoma Dar es Salaam, nami niliogopa hatarudi, kama mjomba aliyekwenda huko akapotelea. Jioni tulikaa kando ya reli tukicheza mchezo wetu wa kugawa nambari za mabehewa kwa mbili hadi saba, idadi yetu nyumbani. Iliyogawanyika bila baki tulisema imevunjika. Nikamwambia, "Ikipita isiyovunjika, utarudi." Hiyo ingebakiza kitu daima, na baki ni ya msafiri.

Likapita behewa lenye kutu, 347347. Kwa mbili, inabaki moja. Kwa tatu, moja. Nne, tano, sita, bado inabaki.

"Na saba, kaka?"

Alilifuata behewa kwa macho hadi likapotea. "Inabaki. Ina roho ya paka hiyo!"

Siku ya safari, bibi alimtania kituoni: "Mume wangu, ukiniletea mke mwenza, awe anajua kuanika viazi!" Watu wakacheka. Mimi sikulia.

Alirudi, ndiyo: likizo, kisha sikukuu, kisha mazishi ya bibi. Baadaye kazi ikamweka huko. Nami chuo kikuu nilihoji dini, siasa, hata walimu wangu, lakini nambari ile sikuihoji, mpaka tulipofundishwa kwamba tarakimu tatu zikirudiwa, ni sawa na kuzizidisha kwa 1001, yaani saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Nilipofika nyumbani likizo nikampigia simu.

"Kaka, ulinidanganya. 347347 inagawanyika kwa saba."

"Nilijua behewa likiwa bado linapita," akacheka. "Ungelia, Kalunde. Ungesema msafiri hana chake."

"Na kweli hana."

"Wewe! Saba ni pamoja na mimi. Nikiwepo, baki ya nini?"

Nikagawa upya. Kwa sita, idadi tuliyobaki alipoondoka, inabaki moja. Kwa tano, dada alipoolewa Nzega, zinabaki mbili. Kwa nne, tulivyo sasa bila bibi, zinabaki tatu. Najua ni sadfa, nambari haitujui. Ila siku hizi kila mtu ana sahani yake, na hakuna kinachobaki. Mchana ule nilitoa sinia la bibi, nikalipangusa vumbi, nikagawa matobolwa mwenyewe. Matatu yalibaki. Sikuyagusa.