Uzito Juu ya Mashine ya Mpunga

Laiti ningewakatalia wenzangu kupanda juu ya mashine siku ile. Niliwaruhusu huku nikijua fika nilichokuwa nakiharibu.

Tulipokuwa wavulana kule Busale, Mdachi, yaani Mjerumani, akiwa bado anatawala, hatukulala kwa baba zetu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Wanyakyusa: wavulana tulijenga kijiji chetu pembeni, vibanda vya mianzi, tukachunga pamoja, na jioni tukaenda kundi zima kula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Harufu ya ndizi za kuchemsha, maziwa ya mgando na samaki wakavu wa Matema naisikia mpaka leo. Kula peke yako ilikuwa aibu kubwa. Kijana wa leo anajifungia chumbani na sahani yake, tena anaweka komeo.

Shule ya misheni ilinifundisha kuendesha mashine ya kupandia mbegu, iliyokokotwa na ng'ombe wawili. Ilikuwa na visu vya kuchana udongo na mkono wa chuma wenye matundu. Ukishusha pini, visu vinazama zaidi. Juu yake palikuwa na sanduku la mawe. Ardhi ikiwa ngumu unaongeza mawe. Udongo wetu mweusi ukilowa unayatoa yote, la sivyo mbegu inazikwa na tope linaifunika kabisa.

Nilipofikia umri wa kuoa, misheni waliniazima mashine hiyo siku moja. Mavuno yangenipatia ng'ombe wa mwisho wa mahari ya mchumba wangu Tusekile. Baba yake alikubali kungoja msimu huo tu, nami niliapa hautapita bure.

Mvua ilikuwa imenyesha. Nikatoa mawe, nikapandisha pini mpaka tundu la juu. Mistari michache ya kwanza ilikwenda vizuri. Ndipo wakaja wenzangu, rafiki yangu Asajile akiwa mbele.

"Ambokile, tupakie!"

"Udongo umelowa. Mtazamisha mbegu."

"Msikieni Mdachi huyu! Tunakula chungu kimoja, leo anatunyima ubao wa kukalia!"

Wakacheka. Kwetu mwenzako hanyimwi. Nikasogea, wakakaa watatu juu ya sanduku, wakaimba mpaka shamba likaisha. Niliona visu vikizama, nikaendelea kuswaga ng'ombe.

Mpunga uliota kwenye mistari ile ya kwanza tu. Kwingine udongo ulikuwa mtupu, laini kama sakafu iliyosiribwa. Sikukubali. Nilichonga vijiti vya mianzi, nikawaita wote, na Asajile akawa wa kwanza kupiga magoti. Tulivunja tope mstari kwa mstari, kucha zikitoka damu. Mama alikuja, akazitazama mbegu kiganjani mwangu.

"Mwanangu, zimeoza hizi. Acha."

"Bado kule mwisho, juba," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa kwetu.

Nilifika mwisho. Huko nako zilikuwa zimeoza. Nikaomba kikapu cha mbegu, nikapanda upya kwa mkono, lakini maji ya mafuriko yakaukuta mpunga ungali mchanga, yakauzoa.

Wajukuu wa dada yangu humkatalia mtu bila kupepesa macho. Zamani niliwaita wachoyo. Sasa nawaonea wivu, ingawa hawatajua utamu wa kula kundi zima kwenye chungu kimoja. Ng'ombe yule hakupatikana. Tusekile aliolewa ng'ambo ya mto Songwe, nami sikuoa mwingine.