Baiskeli ya Baba Ndani ya Karatasi

Enzi zetu pale Olumbi, bei ya baiskeli haikuulizwa dukani, ilikisiwa barabarani. Tulikaa ukingoni mwa barabara ya Palma, miguu imejaa vumbi, midomo imepakaa masizi ya korosho za kuchoma, tukingoja baiskeli ipite. Ikipita, kila mtoto anataja bei yake. Pesa hatukuzijua sawasawa, kwa hiyo tulihesabu kwa magunia ya korosho, kwa mbuzi, kwa miezi ya kukata mkonge Tanganyika. Mshindi hakupatikana hata siku moja, maana hakuna aliyejua jibu, lakini ugomvi wake ulikuwa mtamu.

Wote tulikuwa ndio kwanza tunajifunza kupanda, na anayejifunza ana bei zake. Ile ya kike aliyopanda sista wa misheni, isiyo na bomba la katikati, tuliipa mbuzi mmoja na kuku, kwa kuwa tuliiona imepunjwa chuma. Ya karani wa posto, yaani ofisi ya serikali, ilikuwa nyembamba, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume. Hiyo tuliicheka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaambiwa kwamba ile ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote. Sisi ndoto yetu ilikuwa nyeusi nzito, yenye kengele, dinamo, na kiti cha nyuma cha chuma cha kupakia mtu. Kaka yangu Shaibu, aliyejifunza kwenye kuukuu la jirani kwa kupenyeza mguu chini ya bomba, magoti hayakauki vidonda, alisema nyeusi ya namna hiyo ni bei ya nyumba ya mabati.

"Na taa ya mbele sijaitia bado," alimalizia.

Shaibu alikuwa na haki ya kujidai, kwa sababu nyeusi ya namna hiyo ilikuwamo nyumbani kwetu. Baba alirudi nayo kutoka kwenye mkonge wa Tanga, akiikokota kwa miguu, imeviringishwa karatasi ya dukani kuanzia bomba hadi uma wa gurudumu. Karatasi ile hakuivua. Shabaha yake ilikuwa aiuze siku moja kwa bei ya mpya, ajenge nyumba ya mabati, ya kwanza katika ukoo wetu. Nyie watoto mkiigusa, alituambia, mnagusa paa lenu.

Ikiraruka karatasi, Baba aliibandika nyingine, ya sukari au ya sabuni, kwa uji mzito wa muhogo. Ilikaa chumbani kwa Bibi, mama yake Baba, naye alitundika tasbihi yake kwenye usukani. Mama alitoa kanga nzima ya kuifunika, na hakuacha kusema kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufunikwa vile akiumwa. Baba kuipanda hakujua, na kujifunza hakutaka, asije akaiangusha akaishusha bei. Ijumaa alivaa kanzu akaenda nayo msikitini akiikokota, akipiga kengele badala ya kubisha hodi. Watu wakamuuliza, "Shehe, leo nani anampeleka mwenziwe?" Baba alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka.

Nyumba za kwetu zilikuwa karibu na bahari, na kila mtu alijua chumvi yake inavyokula chuma. Jembe la Baba lilipakwa mafuta ya nazi bila kukosa. Baiskeli haikupakwa, kwa kuwa ilikuwa imefunikwa.

Vita vya uhuru vikaingia. Tropa, askari wa wakoloni, wakafunga barabara, na aliyeonekana na baiskeli aliulizwa anampelekea nani habari msituni. Jirani mwenye lile kuukuu alichukuliwa na baiskeli yake, tukaletewa kofia tu. Barabara ikawa tupu na mchezo wetu ukafa. Tukabaki kukisia milio ya ndege za vita kama tulivyokuwa tukikisia bei: hii inapita, hii inarudi. Kisha sipai, wale askari wenzetu wa serikali, wakapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba tutahamishiwa ndani ya ua wa seng'enge, na kwamba nyumba zetu zitachomwa. Baba hakungoja. Akampakia Bibi kwenye kiti cha nyuma, akamfunga miguu kwa kanga isije ikaingia kwenye spoku, akashika usukani. Sisi watatu, Mama, Shaibu na mimi, tukafuata nyuma. Safari ile hakuna aliyecheka kwamba anaikokota.

Tulipita porini, barabara tukiisikia kwa mbali tu. Vipuli vya Mama tuliviacha njiani, tukapewa makopa ya muhogo ya kututosha mpaka Nhica, karibu na mto. Tulipofika mto Ruvuma asubuhi, pale mpakani, mali yetu yote ilikuwa baiskeli. Mwenye mtumbwi alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mtumbwi wake ulibeba wanne tu, na sisi tulikuwa watano. Ndege zilikuwa zikipita juu ya mto, na kila safari aliyovuka aliiweka roho yake mkononi.

"Nivushie safari mbili," Baba alimwambia. "Mpya hii, ndugu yangu. Haijakaliwa ila na mama yangu."

"Mpya ni mpya, safari mbili nitakwenda," yule mtu alijibu. "Ila niione mwili wake."

Hapo ndipo Baba alipoivua karatasi. Alianza taratibu, kwa kucha, kama mtu anayemvua mtoto kitambaa cha kidonda. Karatasi ilitoka na ngozi. Rangi nyeusi ilibanduka pamoja nayo, na chini yake chuma kilikuwa chekundu, kimevimba, bomba la katikati limetoboka mahali ambapo uji wa muhogo ulishika unyevu miaka yote ile. Baba aliendelea kuvua. Labda alidhani mbele kuna pazima.

"Mzee, imeliwa hii," alisema mwenye mtumbwi, na nilimwona anaona haya. "Nitakwenda moja. Mbili siwezi, nami nina watoto."

Baba hakubishana. Alimfungua Bibi miguu, akamwingiza mtumbwini, kisha Mama, kisha Shaibu. Mimi alininyanyua mwisho, mikono yake ina kutu hadi kwenye viwiko. "Tangulieni," alisema. "Nitapata mwingine kesho." Mama alitaka kushuka. Bibi akamshika kanga, akamng'ang'ania, na mwanawe mwenyewe hakumtazama tena mpaka tulipofika ng'ambo.

Tulimngoja kijiji cha ng'ambo mpaka Bibi akazikwa hukohuko. Mmoja alisema alimwona ndani ya seng'enge. Mwingine alisema njia aliyorudia ilikuwa na mabomu ya kukanyaga. Baada ya uhuru tulirudi tukauliza Palma, tukauliza Olumbi. Kaburi lake silijui hadi leo, na jambo hilo linaniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Watoto wa sasa hawakisii kitu. Bei ya kila chombo wanayo kwenye simu, na huitaja kabla ya salamu. Mjukuu wangu Juma amenunua pikipiki ya kubebea abiria, na kiti chake amekiacha ndani ya nailoni aliyotoka nayo dukani, joto lote hili, abiria wanateleza kama samaki. Juzi nilitoka na kisu cha jikoni nikaichana yote. Akaja mbio.

"Bibi, waishusha bei!"

Nikamwambia aipake mafuta, asiifunike. Hakunielewa, naye ni mpole, hakunijibu vibaya. Miaka hii vita vimerudi, watu wa kwetu wamejifunza tena kufunga mizigo na kukimbia, na nikiona chombo chochote sitazami rangi yake wala kengele. Nilimuuliza inapakia watu wangapi.

"Wawili na mimi, Bibi. Tukibanana sana, watatu na mimi."

Nikawahesabu moyoni: yeye, mkewe, watoto wao wawili, na mimi. Tuko watano.