Bethwel na Kwale Jike

Bethwel hutega kwale vichakani karibu na Kariandusi, na kila anayenaswa humpapasa mguu kwanza. Akigusa mwiba kama wa jogoo, huyo ni dume, atapikwa. Jike humwachilia, hata nyumbani kukiwa na njaa.

Siku wageni walipotarajiwa kuja kumposa binti yake, mtego ulinasa jike peke yake. Mkewe, Cheruto, alikuwa ameshachemsha maji.

"Baba Chepchumba, wageni watakula huruma yako?"

"Nikimchinja huyu, mwakani vifaranga watatoka wapi? Tuchinje jogoo wetu."

"Na kuku wetu wabaki wajane?"

"Kwani jogoo wa jirani si hushinda hapa?"

Cheruto alicheka mpaka akakaa chini. Bethwel akafungua mikono, kwale akaruka, kisha wote wawili wakaanza kumkimbiza jogoo.