Mwanangu Yuko Kambini, wa Jirani Yuko Kwangu

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, na ninauza samaki wa Kasenga sokoni hapa Lubumbashi. Majina nimeyabadilisha. Tafadhali msitaje avenyu yetu, maana hata kwetu ukurasa huu unasomwa.

Tangu Katanga ijitenge na Kongo, majirani zetu wa Kasai wanaitwa wageni, ingawa wengine wamezaliwa hapa. Vijana wetu wakaanza kuchoma nyumba zao. Avenyu yetu ilikuwa na nyumba nne za Kasai, na sisi wanawake hatukutaka moto. Wazo lilikuwa langu, mimi na domo langu: kila nyumba ya Kasai ilaze mtoto wetu, na sisi tulaze wa kwao. Kwetu mtoto akishakula bukari yako, yaani ugali wako, na kulala kwako, ni wako. Nikawauliza wenzangu, "Kijana gani atatia moto mu nyumba kwenye kunalala mutoto wa dada yake?" Wakacheka, wakakubali. Binti yangu Mwansa, miaka mitano, akahamia kwa Mama Mbombo. Mtoto wake Mbombo akaja kwangu. Miezi mitatu moto haukutugusa. Nilijisifu, sifichi.

Siku moja nikiwa sokoni na Mbombo, avenyu ya pili ikaungua. Lori la wanajeshi wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, likaja kuwachukua watu wa Kasai kuwapeleka kambi ya wakimbizi. Mama Mbombo akaogopa, akapanda na wanawe wengine, na Mwansa wangu pia. Niliporudi nilikuta mlango wake wazi na sufuria inaungua. Simlaumu. Uongo, namlaumu sana, halafu namtazama Mbombo anavyokula, hasira inaisha.

Vijana walikuwa wanangoja neno moja tu: Mukasai ameiba mtoto wa Katanga. Kwa hiyo nikadanganya avenyu nzima. "Mwansa? Iko kwa nkambo yake, bibi yake wa kule Kasenga." Hapa avenyu ukweli wanaujua mume wangu na pasta wetu tu, na mume wangu kila jioni ananiuliza, "Mutoto wangu iko wapi? Wewe na kazi yako ya kupatanisha bantu!" Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja alinong'ona ujumbe kutoka kambini. Mwezi ujao familia ile itapandishwa ndege uwanja wa Luano, irudi Kasai. Mama Mbombo amesema: "Mama Mwansa, uniletee Mbombo, nikurudishie wako. Batoto banalia bote."

Nitampelekaje? Njia ya kambi inalindwa na vijana, wanamuuliza kabila kila anayepita. Pasta wetu yuko tayari kunisindikiza, lakini lazima tuombe karatasi ya ruhusa ya komini, ofisi ya mtaa, na komini ikijua asubuhi, avenyu yetu inajua kabla ya saa sita. Wenzangu watakimbilia kuwatoa watoto wao katika zile nyumba tatu zilizobaki, na siku hiyohiyo moto utaingia. Jana mama mmoja wa nyumba hizo aliniletea matembele. Akanishika mikono, akasema, "Mama, bila weye tungekuwa tumekufa." Nilishindwa kumtazama machoni.

Mbombo sasa ananiita mama. Ninaitika, kisha naenda nyuma ya nyumba kulia.

Nyinyi wazazi mnaosoma, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimfuate mwanangu, nyumba tatu ziungue? Au ninyamaze, ndege iondoke naye? Ila msiniambie nisali tu. Kusali nasali.