Sikio la Kushoto la Mama

Nilipomaliza kufunga spika sebuleni kwetu Kibiti, nilimkalisha mama kwenye kochi anisaidie kuzipanga. Mbili za nyuma nilikuwa nimezitundika ukutani, moja kila upande. Nikawasha ya kulia.

"Sauti inatokea wapi, mama?"

"Kulia."

Nikaizima, nikawasha ya kushoto.

"Hiyo hiyo ya kulia."

Nikadhani nimechanganya waya. Nikazikagua, zilikuwa sawa. Nikamwomba ageuke atazame nyuma, nikawasha tena, moja baada ya nyingine.

"Kulia, mwanangu. Kwani unanitania?"

Nikainama, nikamnong'oneza kwenye sikio la kushoto. Hakugeuka.

Mchana ule ule tukaenda hospitali. Daktari akalichungulia sikio, akasema ngoma imetoboka siku nyingi, na huenda asisikie tena upande huo.

"Mimi nilidhani ni uzee tu," mama akasema.

Tulipotoka, alianza kuvuka barabara kuu bila kutazama kushoto, kama kawaida yake, na basi la Lindi lilikuwa linakuja kutoka kushoto. Nikamkamata mkono. Mpaka leo akichelewa kurudi kutoka sokoni, sikai nikatulia.