Soketi ya Nyumba Ndani ya Gari la Posa

Najua wengine wenu mmeshaisikia, maana Voi ni mji mdogo na shemeji yangu ana mdomo mkubwa, lakini wale mlioambiwa kwamba nilienda kumposea mwanangu na kuku wa wizi mmedanganywa, na wale mlioambiwa gari letu lililipuka kule Ronge pia mmedanganywa. Ukweli una aibu kuliko hayo yote, na aibu yenyewe ni yangu peke yangu, kwa hivyo mimineni chai niwasimulie kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnajua mimi ni mtu wa vifaranga. Nina ile mashine yangu ya kuangulia, sanduku la plastiki la manjano lenye kifuniko kinachoonyesha ndani, na watu wa hapa mjini mpaka wale wa kule Mata hunipigia simu wakitaka vifaranga vya kienyeji. Sasa adui wa mtu wa vifaranga si mwewe wala paka, ni stima. (Stima za kwetu mnazijua, zikikatika unasikia mtaa mzima unasema "aaai!" kwa pamoja kama kwaya.) Nilishatupa mayai yaliyokufa mara ya kwanza nikanyamaza, mara ya pili nikalia, na mume wangu, Baba Mumo, aliponunua lile van letu la viti saba, nikaliangalia, nikaona si gari, ni nyumba ya pili yenye stima yake.

Nikaenda kwa Fundi Salim, yule wa waya za magari, nikamwambia aniwekee soketi. Si kile kitobo cha kuchajia simu, hapana, nilitaka soketi ya ukutani kabisa, nyeupe, ya matundu matatu na swichi yake, ifungwe kwa skrubu ubavuni mwa gari kule nyuma, ikae milele. Baba Mumo akasema, "Mama Mumo, kesho utaniambia tuweke na choo." Fundi akafunga chini ya kiti kile kisanduku chake cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumba, wenyewe wanakiita inveta, akapitisha waya, akapiga skrubu, halafu akanigeukia.

"Mama, hii ni soketi ya nyumba, lakini gari si nyumba, sawa? Injini ikiwa inanguruma, tumia utakavyo. Ukiizima unakula betri. Mimi ningekuwa wewe ningeongeza betri ya pili."

Nikasema, "Haya, haya," ile haya ya mtu ambaye ameshasikia alichotaka kusikia. Betri ya pili ya nini? Gari si lina betri tayari? Basi hapo ndipo nilipoanguka, ingawa kishindo chake kilikuja kusikika baadaye sana.

Sasa tuje kwa mwanangu. Mumo anafanya kazi Taveta, ananunua ndizi na kuzisafirisha, na huko huko alikutana na Wakesho, mwalimu, msichana wa Ronge, mtulivu mpaka unajiuliza aliona nini kwa mwanangu. Siku tulipopanga kwenda kwao kujitambulisha, Wakesho alikuja nyumbani, akakaa karibu nami, akaanza kuvutavuta pindo la sketi.

"Mama, nikuambie kitu? Nyumbani wanasema watu wa Voi ni watu wa haraka, kila kitu kwao ni biashara. Baba hajakubali bado. Anasema atawaangalia kwanza. Tafadhali, siku hiyo msiwe na haraka."

Nilimshika mikono yote miwili. "Mwanangu, tutakaa mpaka mtufukuze."

Na nilimaanisha, Mungu anajua. Ila Jumamosi ya posa ndiyo ikawa siku ya mayai yangu kuanguliwa, na Jumamosi hiyo hiyo ikatangazwa kwamba stima itazimwa mtaani kutwa nzima wakitengeneza nguzo, na jirani ninayemwachiaga mashine akawa amesafiri. Yaani shetani alikuwa ameketi na kalenda. Mwenye akili angefanya nini? Sijui, mimi nilipakia mashine ndani ya gari, nikaichomeka kwenye soketi yangu, nikaifunika leso mbili, na siri ikabaki kati yangu na Baba Mumo. Shemeji yangu Mzee Kioko, kaka yake Baba Mumo, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, alikaa kiti cha nyuma karibu nayo akauliza, "Hii ni zawadi ya wakwe?" Nikamwambia ni vitu vyangu vya kina mama. Hakuuliza tena mpaka Mwatate.

Ukitoka Mwatate unaanza kupanda, na kadiri unavyopanda joto la Voi linabaki nyuma, ukungu unakuja dirishani, na mimi nafikiria mayai yangu. Tulipofika kwao tukasimama nje ya lango, maana mgeni wa posa haingii mpaka aitwe, na boma lenyewe limekaa kwenye mteremko, ukiangusha chungwa unaliokotea kwa jirani. Kina mama wa ndani wakaanza kuimba. Vizuri sana. Ila gari letu lilikuwa bado linanguruma, maana nilikuwa nimemwambia Baba Mumo kwa jina la ndoa yetu asiguse ufunguo.

Akatoka mzee mmoja mrefu mwenye koti, baba mdogo wake Wakesho, Mzee Mwadime, msemaji wa upande wao. Nikamsalimia kwa ile salamu ya Kitaita, "Kwawuka mana", niliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari.

"Wageni, mbona gari linanguruma? Mnapita tu?"

Waimbaji wakakatiza wimbo. Nikamwona Wakesho dirishani ameshika shavu, na mdomo wangu (huu huu ninaonywea chai) ukafunguka wenyewe ukasema, "Mzee, starta ina shida kidogo. Tukizima halitawaka."

Mzee Mwadime akacheka. "Mama, hapa ni mlimani. Gari likikataa kuwaka vijana wanasukuma. Zimeni, mkae."

Baba Mumo akaniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu, gari likazimwa.

Ndani tukapewa chai, tukapewa viazi vitamu, zikaanza hotuba, na watu wa Ronge wakiamua kuzungumza, jamani, wanazungumza. Mtu anaanza na mababu, anashuka polepole. Baba yake Wakesho alikaa kwenye kigoda kule pembeni, hasemi neno, anatuangalia tu mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi. Ilikuwa siku nzuri, mngeiona mngesema Mungu amekubali. Ila masikio yangu yalikuwa nje. Nikaomba ruhusa nichukue leso, nikakuta yai moja limetoboka na mdomo mdogo unachungulia, na mashine bado ina joto, nikarudi. Baadaye nikaomba tena. Mara ya tatu nyanya yake Wakesho, ajuza mdogo wa mwili aliyekuwa karibu na mlango wa jikoni, akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Huyu mama tumbo linamwendesha?" Nikakaa chini.

Ndipo zamu ya Mzee Kioko ikafika. Akasimama, soda mkononi, akakohoa vizuri.

"Wazee wetu, tumesikia huko nje watu wanasema sisi wa Voi tuna haraka. Leo tuangalieni. Tumekuja, tumezima, tumetulia..."

Piii! Piii! Piii!

Sasa mimi nilijua ni nini, ni inveta inalia kwamba betri inaisha, Fundi Salim alishaniambia huwa inalia. Lakini ile sauti, nawaambia, ni ile ile ya lori likirudi nyuma, haina tofauti hata kidogo, na kwa watu wanaoishi mteremkoni sauti hiyo si ya kusubiri maelezo. Mtu akapiga kelele, "Gari linarudi! Shikeni mawe!" Boma zima likatoka mbio. Vijana mawe, kina mama mawe, mmoja akaburuta kinu akakisukumia chini ya gurudumu, baba yake Wakesho aliyekuwa hajatoa neno tangu asubuhi akapita mbele ya wote na kigoda chake akakikita nyuma ya tairi, na Mzee Kioko naye mbio, soda bado mkononi, hotuba ameiacha sebuleni. Gari lenyewe halikuwa limesogea hata inchi moja. Limesimama tu, linalia.

Mimi sikukimbilia tairi. Nilifungua mlango wa nyuma, na huo ndio ulikuwa mwisho wa siri yangu, maana leso zilianguka na wote wakaona sanduku la manjano, taa yake inafifia, ndani vifaranga wawili watatu waliolowa wanatambaa juu ya mayai yanayopasuka. Kisha inveta ikanyamaza, taa ikazima, tukabaki na sauti ya vifaranga peke yake.

Baba yake Wakesho akasonga karibu. "Hii ni nini?"

"Ni soketi," nikasema. (Sijui kwa nini. Kati ya vitu vyote vilivyokuwemo, ndicho nilichokitaja.)

"Naona ni soketi. Inafanya nini ndani ya gari?"

Basi nikaeleza yote, mayai, nguzo za stima, jirani aliyesafiri, yote, mbele ya boma zima limeshika mawe. Mzee Mwadime akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kwa hivyo starta ni nzima?"

"Ilikuwa nzima, mzee."

Baba Mumo akajaribu ufunguo. Gari likasema kta, kta, kta, likanyamaza. Na sasa kweli halikuwaka, na uongo wangu ukawa umetimia kama unabii.

"Niliambiwa watu wa Voi ni wa biashara," baba yake Wakesho akasema polepole, "nikasema tuwaangalie kwanza. Kumbe wamekuja na kiwanda chao."

Watu wengine walicheka. Wakesho hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya Mumo machozi yakimlengalenga, na Mumo anaangalia chini, na hapo ndipo nilipoumia, si kwa aibu yangu, aibu ningeimeza, bali kwa kuwa msichana aliniomba kitu kimoja tu duniani nami nikakiharibu kwa ajili ya mayai. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na soketi yangu.

"Nyinyi mnaongea na vifaranga vinakufa baridi," akasema nyanya. Alikuwa amefika nyuma yetu na kikapu. "Lete hapa. Wewe mama, beba hiyo, twende."

Tukaingia jikoni kwake, moshi, mafiga matatu, kuni zinawaka vizuri. Akatandika sweta kuukuu ndani ya kikapu, akakiweka kando ya moto, akawa anajaribu kila upande kwa kiwiko kama anavyopimiwa mtoto maji ya kuoga. Mayai yaliyobaki tukayafunga kwa kitambaa chenye joto. Kifaranga kimoja kilikuwa kimelegea, nikakitia kifuani ndani ya blauzi, nikachuchumaa hapo na nguo yangu ya posa kwenye majivu, nakipulizia. Alinionyesha pa kugeuza, nami nikageuza. Kile kilicholegea kikaanza kunichokoa kifuani, nikacheka peke yangu nikilia, na yule ajuza akawa ananiangalia tu.

Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akawaita wanaume.

"Nyinyi mlisema tuwaangalie. Mimi nimemwangalia. Huyu alikuwa na mayai, hana wa kumwachia, akayabeba mpaka huku mlimani, akadanganya wazee kwa ajili yao. Mjukuu wangu akizaa, kazi yake iko Taveta, mtoto atamwachia nani? Mimi nimeshajua."

Halafu baba yake Wakesho akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu yote, mpaka akaegemea mlango. "Lakini mama," akaniambia, "kilichoingia jikoni kwa wakwe hakirudi. Hao vifaranga ni wetu." Nikamwambia achukue na mashine akitaka. Wakesho akaingia mbio, akanikumbatia na majivu yangu hivyo hivyo.

Tulibaki mpaka jua likaanza kuinama. Vijana walisukuma gari wakashuka nalo mteremko wakiimba mpaka likakwama chini, ndipo mmoja akachungulia ndani akasema, "Lakini hii ni otomatiki, hata tusukume mpaka Mombasa haiwaki." Tukasubiri pikapu yao ya mboga irudi kutoka sokoni itugawie moto wa betri, na muda wote huo tukala, tukaimba, Mzee Kioko akamalizia hotuba yake, na hakuna aliyetuambia tena kuwa tuna haraka, kwa sababu hatukuwa na namna yoyote ya kuondoka.

Harusi ni baada ya mavuno. Soketi bado iko, Baba Mumo alitaka kuing'oa nikakataa, lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba kwa wakwe sitakanyaga tena na kitu kinachohitaji stima, hata simu nitaiacha nyumbani. Na nikiambiwa jambo na fundi nitalisikia mpaka mwisho.

Juzi simu ililia, nikaona ni baba yake Wakesho. Akanisalimia, akauliza mvua, akauliza Baba Mumo, akazunguka kama kawaida yao, mimi natulia tu, najifunza. Mwishowe akasema wale vifaranga wamekuwa mitetea, wengine wameanza kutaga, na stima ya huko kwao nayo ni ile ile, inaenda inarudi.

"Sasa mkwe," akasema kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka wa nyumbani wamsikie, "huyo fundi wako wa soketi, anaweza kuniwekea moja kwenye pikapu?"

Nikamwambia, "Anaweza kabisa. Lakini akikuambia betri ya pili, nunua."