Mstari Mmoja Kabla Maji Hayajachemka

Safari ya kutoka Voi hadi Ntimaru ilinichukua karibu miaka miwili, kwa sababu sikujua kwamba nilikuwa naelekea Ntimaru. Nilifika Narok nikiwa utingo wa lori la saruji. Dereva alipobadilisha kazi, nikabaki pale nikishona viatu sokoni mpaka mvua ikanifukuza. Nikashuka Kisii, nikaambiwa Homa Bay kuna kazi ya kuanika omena, na huko nikakaa miezi minane. Kisha mtu akaniambia mpakani, upande wa Kuria, watu hutembea sana na mafundi viatu ni wachache. Nikalala Suna, nikalala Kehancha, na siku ya tatu nikaingia Ntimaru nyuma ya pikipiki, godoro nimelibeba mgongoni kama mtoto. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na kitu pekee nilichowahi kukimaliza kilikuwa kidato cha nne.

Ndani ya godoro kulikuwa na daftari. Katika kila mji nilinunua daftari ili niandike maisha yangu, na sikuwahi kuvuka ukurasa wa nne. Homa Bay nilijipa sharti dogo: mstari mmoja kila asubuhi, wakati maji ya chai yako kwenye stovu. Maji yakichemka, kalamu chini.

Mwenzangu wa chumba alinicheka. "Omera, ndugu yangu, mstari mmoja! Hiyo kitabu utaimalizia kaburini."

"Nitaimaliza."

"Basi andika leo ni mimi nimepika."

Niliandika hivyo. Kazi ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuikwepa kulichosha kuliko kuifanya. Siku niliyougua niliandika neno moja, "Baridi", nikalihesabu kuwa mstari. Nilipofika Ntimaru sikuwa nimeruka hata siku moja, na hakuna kazi wala mji niliowahi kuushika namna hiyo.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja aliyeuza maharagwe na kununua mahindi ng'ambo, Tanzania. Yeye aliniita fundi, mimi nikamwita mama, ingawa tulikaribiana umri. Nilishona viatu kwenye baraza yake. Baada ya mwezi alianza kuniletea ugali wa wimbi bila kuniuliza kama nimekula. Jirani yake wa boda boda, mtu mzima mwenye sauti nene, ndiye aliyembebea magunia kwa njia za vichakani, kukwepa ushuru wa mpakani. Alikuwa akiniachia buti zake na kuondoka pekupeku, akipiga kelele kwamba nikizipoteza nitambeba mimi. Nikaanza kuwaza kwamba huenda hapa nitakaa.

Kisha magunia yakakamatwa na askari mara mbili katika wiki moja. Waliojua njia ile walikuwa wachache, na kati yao ni mmoja tu aliyeandika kila asubuhi akitazama barabara.

Asubuhi moja walikuja majirani watano, mjane mbele, maji yangu yakiwa bado kwenye stovu.

"Fundi, si utusomee," mjane alisema.

"Nisome nini, mama?"

"Hiyo kitabu. Wewe unaandika nini juu yetu?"

Nilifungua mwanzo wa miezi ya Ntimaru. Nilisoma kuhusu ukungu uliokaa mpaka saa mbili, ng'ombe wakapita nikisikia kengele tu. Nilisoma kuhusu ugali. Mzee mmoja akacheka, akasema huyu ni mgonjwa, si mpelelezi. Nikaanza kupumua. Ndipo nikaona, mistari mitatu chini, sentensi iliyokuwa ikiningoja. Nikaipita, nikasoma iliyofuata.

"Umeruka moja," alisema yule wa boda boda. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

Nikarudi juu. "Jirani amepita na magunia matatu kabla ya jua, taa amezima, anaimba wimbo wa kanisa."

Hakuna aliyenigusa. Maji yalichemka yakamwagika, stovu ikazimika, na hakuna aliyegeuka.

"Kama ni wimbo tu," jirani aliuliza taratibu, "kwani ulikuwa unaficha nini?"

Ningeisoma kama zile nyingine, labda wangecheka. Kuruka kwangu ndiko kulikoifanya kuwa ripoti.

Mjane alinyoosha mkono. "Mimi nakuamini. Wewe kaa. Hii haikai." Alichukua daftari, akaenda nalo jikoni kwake. Nikasikia harufu ya karatasi ikiungua. Aliporudi, nilimwahidi mbele yao kwamba sitaandika tena.

Nilivumilia siku tano. Maji yalichemka na mikono yangu haikujua iwekwe wapi. Siku ya sita nilikuwa nikibandika soli ya ndani ya kiatu cha mteja, kalamu ya kuchorea ngozi iko vidoleni. Kabla ya kupaka gundi, niliandika mstari mmoja upande wake wa chini. Kisha nikabandika, nikagonga nyundo. Kesho yake kiatu kingine. Nikafanya hivyo karibu mwezi mzima, nikishtuka kila mtu alipojikwaa, kila soli ilipobanduka mbele yangu. Buti za jirani zilikuwa na mistari miwili.

Mjane alikuja kuchukua viatu vyake, akavaa pale pale.

"Umekuwa mtu mzuri, fundi. Hata yule wa boda boda anakusifu. Ile nyumba kubwa ya nyuma hamia tu, mwezi huu."

Nilitazama mguu wake nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia kila kitu.

"Kwani huwezi kuacha?"

"Nilijaribu siku tano, mama."

"Siku tano! Na unajiita mwanaume!" Alivua kiatu, akachungulia ndani. "Hapa pia?"

"Chini ya hiyo ngozi. Nimeandika vile ulivyocheka juzi."

Nilidhani atakibandua. Alitazama nyumba ya jirani, kisha akakivaa na kukaza kamba.

"Wengine wakijua, mimi sitaweza kukusaidia. Chagua sasa hivi, kabla sijaenda sokoni. Kalamu ama nyumba."

Nilianza kufungasha nyundo. Alisimama mpaka akaona nimeweka kalamu mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Nilitoka Ntimaru kwa miguu. Aliyekuwa tayari kunibeba alikuwa mmoja tu, yule jirani wa boda boda, na nisingeweza kukaa nyuma yake mpaka Kehancha nikitazama buti zile bila kumwambia. Alinipita njiani, akapiga honi, akaniuliza kwa sauti godoro linaenda wapi. Nilimwonyesha mbele kwa mkono, akacheka, akaongeza mwendo.